Toleo la Sita na Kosa Lake la Kutoharibika

Chumba cha Prufu,
Ghorofa ya Tatu.

Kwa Meneja Mkuu,
Ghorofa ya Kwanza, mlango wenye zulia.

Ndugu Meneja Mkuu,

KUHUSU: KUTOHARIBIKA KWA TOLEO LA SITA, NA HASARA ILIYOTUPATA

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na pole kwa kazi ya kutuongoza sisi tusioongozeka.

Katika tangazo lako la juma lililopita, ulilolibandika kando ya mlango wa msalani ambako kila mtu hulazimika kulisoma, ulitujulisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba toleo la Sita la mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoziamsha kompyuta zetu asubuhi na kuzitawala mpaka jioni, limefaulu kuliko matoleo yote yaliyolitangulia, na kwamba mwenye lalamiko aliandike. La pili ni kwamba, kwa kuwa mashine hazisumbui tena, fundi wa kompyuta wa jengo letu atahamishiwa ghalani, ng'ambo ya mji, mwisho wa mwezi huu. Sentensi yako ya nne haikuwa na kiima, lakini hilo nitakuandikia siku nyingine.

Mimi ninalo lalamiko, nami nimeliandika.

Naomba kwanza nijieleze, kwa maana barua hii inaweza kusomwa na mkurugenzi asiyenijua. Mimi ni msomaji wa prufu wa nyumba hii ya uchapishaji. Kitabu kikishapangwa, kabla hakijapigwa chapa, hupita mikononi mwangu ili nikilinganishe na mswada wa mwandishi na kuyaondoa makosa. Wafanyakazi huniita Mzee Nukta. Sikulichagua jina hilo, lakini silikatai. Kazi yangu kwa asili ni ya watu wawili: mmoja huushika mswada na kuusoma kwa sauti, mwingine huifuata prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa, kwa kalamu. Mwenzangu aliyekuwa akinisomea alistaafu, na nafasi yake ikafutwa kwa maelezo kwamba kompyuta ina programu ya kukagua tahajia. Programu hiyo ninayo. Haina sauti. Tangu hapo husoma peke yangu, nikigeuza shingo huku na huku kati ya mswada na prufu kama mtu anayetazama majirani wawili wakigombana.

Kuhusu fundi, ambaye jengo zima humwita Bi Kebo kwa sababu ya nyaya anazozitundika shingoni, sina cha kumwongezea zaidi ya yale ambayo kila mtu anayajua: ni hodari, hana papara, na anapoeleza jambo, unalielewa. Barua hii haimhusu yeye. Inahusu mfumo endeshi.

Nimefanya kazi chini ya matoleo manne, kuanzia la Tatu mpaka hili la Sita. Nitayalinganisha kwa haki, nikiyataja mema ya kila moja pamoja na kasoro zake, kama inavyompasa mtu mzima.

LALAMIKO LA KWANZA: Kwamba toleo la Tatu liliondolewa bila hata kuagwa.

Toleo la Tatu halikuwa na uzuri wa kutazamwa. Madirisha yake yalikuwa ya kijivu, yenye mkanda wa buluu juu, kama bahasha za serikali. Lakini lilikuwa na nidhamu. Kitufe cha kuanzia kilikaa chini kushoto, na kila ulipokitafuta ulikikuta. Faili uliloliweka mahali lilibaki mahali. Hakuna picha iliyorukaruka wala sauti iliyokupongeza kwa kufungua barua yako mwenyewe.

Kasoro yake ilikuwa moja: liliganda. Liliganda ukifungua miswada miwili mirefu kwa pamoja. Liliganda ukichapa. Liliganda watu wa chini walipochomeka birika la chai. Mara nyingine liliganda kwa kutazamwa tu. Mshale uligeuka saa ya mchanga, saa ya mchanga ikazunguka, nasi tukabaki kuitazama.

Hapo ndipo ilipotumika kanuni ya nyumba hii, iliyotungwa na meneja aliyekutangulia: mashine ikiharibika, mwenye mashine asiondoke mpaka fundi amalize, na fundi asiondoke mpaka mashine ithibitike kupona. Ni kanuni nzuri, nami nimeifuata kwa herufi zake zote. Mara ya kwanza Bi Kebo alipopanda kutoka chumba chake cha ghorofa ya chini, alisimama mlangoni akaniuliza, "Umeigusa wapi, mzee?" Nikamjibu kwamba sikuigusa. Akasema, "Wote husema hivyo. Sogea kidogo."

Akaizima, akaiwasha. Toleo la Tatu liliamka kama mtu aliyeamshwa ili aende kwenye kikao. Tukasubiri. Mswada ulikuwa mezani, mwongozo wa ufugaji wa kuku, na Bi Kebo akauokota akaanza kuusoma kwa sauti ili kupoteza muda. Ndugu Meneja Mkuu, nimewasikia wasomaji wengi. Huyu alituama penye nukta. Penye koma alivuta pumzi. Nilishika kalamu yangu bila kuambiwa, nikaifuata prufu, na kwa mara ya kwanza tangu mwenzangu astaafu, shingo yangu ikatulia.

Alipofika mahali mwandishi alipodai kwamba kuku hupenda kulala kila mmoja katika chumba chake, aliweka mswada magotini. "Huyu amewahi kuonana na kuku," aliniuliza, "au waliandikiana tu?" Tukampigia simu mwandishi. Waliandikiana tu. Sura nzima ikaandikwa upya.

Naomba uupime uzito wa jambo hili. Toleo lenye kasoro lilisahihisha kitabu.

LALAMIKO LA PILI: Kwamba toleo la Nne lilikuwa na adabu, nasi tukaidharau.

Toleo la Nne lilikuja na urembo. Madirisha yake yalikuwa kama ya kioo, yanapenyeka, hata ukiwa unasoma ukurasa mmoja uliona kivuli cha mwingine nyuma yake. Kwa msomaji wa prufu hali hiyo ni sawa na kuzungumza na mashemeji wawili kwa wakati mmoja. Lakini nakiri kwamba liliganda mara chache kuliko la Tatu, na herufi zake zilikuwa safi.

Sifa yake kubwa, ambayo wengi waliiita kero, ni kwamba liliomba ruhusa. Ukitaka kufungua faili, lilikuuliza, "Una uhakika?" Ukitaka kulifunga, lilikuuliza tena. Vijana walibonyeza "Ndiyo" bila kusoma. Mimi nilisoma. Na kwa kuwa nimelelewa kusema kweli, na kwa kuwa mtu wa kazi yangu hana uhakika na chochote mpaka akisome mara tatu, nilibonyeza "Hapana." Mashine ikatii. Kazi ikasimama. Ikabidi nimwite fundi.

"Mzee, bonyeza Ndiyo," alisema.

Nikamweleza kwamba sina uhakika.

"Mashine haikuulizi habari za imani yako," alisema Bi Kebo. "Inataka kufungua faili tu."

Hata hivyo aliniheshimu. Hakunilazimisha kubonyeza nisilolijua. Alipanda mwenyewe kila nilipomwita, akabonyeza "Ndiyo" kwa niaba yangu, kisha, kwa kufuata kanuni niliyokwisha kuitaja, akakaa mpaka mashine ithibitike. Katika kuthibitika huko tulimaliza kitabu cha jiometri na nusu ya riwaya ya mapenzi. Jiometri aliisoma kwa huzuni na riwaya akaisoma kwa hasira, hasa alipomfikia yule mpenzi anayesimama chini ya mvua sura mbili nzima. "Kwani hana mwavuli huyu?" aliuliza. "Au hana nyumbani?" Tulimshauri mwandishi ampe mwavuli, naye akakubali.

Katika kipindi hicho mchoraji wa majalada, ambaye meza yake inatenganishwa na yangu kwa ubao mwembamba na ambaye ulimi wake hautenganishwi na chochote, alianzisha tabia ya kutangaza. Kila aliposikia makubadhi ya fundi ngazini alipaza sauti: "Mzee Nukta, daktari wako huyo! Jifanye mgonjwa!" Sikumjibu. Iwapo nilichana nywele, nilizichana kwa sababu mwongozo wa wafanyakazi unatutaka tuwe nadhifu.

LALAMIKO LA TATU: Kwamba toleo la Tano, lililokuwa baya kuliko yote, ndilo lililokuwa bora kuliko yote, na likaondolewa.

Hili utaliona gumu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Toleo la Tano lilitengenezwa na watu waliochukia watu. Walikihamisha kitufe cha kuanzia kutoka chini kushoto wakakipeleka juu kulia, kisha wakakificha. Ili kukiona ilikupasa uupeleke mshale pembeni na kusubiri, kama anayesubiri kufunguliwa lango na mbwa. Majina ya programu waliyaondoa wakaweka miraba mikubwa ya rangi, na miraba hiyo ilihama. Uliyoiacha kushoto jana uliikuta kulia leo. Mhasibu wetu, mama ambaye hajawahi kupandisha sauti hata siku ya mishahara, alisikika akiiambia kompyuta yake maneno kuhusu malezi yake. Bawabu alikuja juu kuuliza kama kuna mtu anapigwa.

Kwangu mimi folda ya miswada ilipotea kila asubuhi. Bi Kebo alikuwa akishuka tu, simu yangu inamfuata. Mwishowe aliacha kushuka. Alileta kikombe chake akakiweka dirishani. Nalitaja hilo kwa ajili ya ukamilifu wa taarifa.

Sasa naomba uagize orodha ya vitabu vilivyotoka chini ya kila toleo, uangalie vilivyorudishwa na wauza vitabu kwa sababu ya makosa. Chini ya toleo la Tano hakikurudishwa hata kimoja. Si kwa sababu ya toleo hilo, utasema. Nakubali. Ni kwa sababu kila kitabu kilisomwa na watu wawili, mmoja kwa sauti na mmoja kwa kalamu, kama inavyotakiwa na kazi yenyewe. Lakini ni nini kilichomleta mtu wa pili? Ni uovu wa toleo la Tano. Basi toleo baya kuliko yote ndilo lililotupa vitabu bora kuliko vyote. Nimeitafuta mantiki nyingine sikuipata.

Ni katika kipindi hicho pia nilipofahamu kwamba Bi Kebo ni mjane kama mimi nilivyo mgane. Kwamba wanawe humpigia simu Jumapili, wote kwa wakati mmoja, kisha wakamlaumu kwa kutopatikana. Na kwamba hunywa chai bila sukari, si kwa ugonjwa bali kwa ukaidi. Utauliza haya yanahusiana vipi na mfumo endeshi. Yanahusiana hivi: toleo la Tano lilichelewa sana kuwaka.

LALAMIKO LA NNE: Kwamba toleo la Sita halina kasoro.

Sisemi hivi kwa chuki. Nimelichunguza toleo hili kwa bidii ileile ninayoitumia kuchunguza prufu. Linawaka kabla sijavaa miwani. Kitufe wamekirudisha mahali pake. Haliniulizi kama nina uhakika. Faili nisilolihifadhi linalihifadhi lenyewe, na likipata hitilafu linajirekebisha lenyewe, kisha linaniarifu kwa maandishi madogo kwamba kulikuwa na tatizo na sasa halipo. Nimeyasoma maandishi hayo mara nyingi. Yana kiburi cha chinichini.

Nililijaribu. Nilifungua miswada yote ya mwaka huu kwa pamoja. Ikafunguka, ikajipanga safu, na mashine ikaniuliza kama ningependa herufi kubwa zaidi. Nilichomoa waya wa kipanya. Nilipouchomeka tena, ilikipokea kama mtoto aliyetoka shule. Nilichapa bila karatasi. Ikanieleza, kwa lugha ya heshima, ni trei ipi iliyo tupu. Nilikaa mbele yake nikakunja mikono. Ikakaa nayo. Baada ya muda ikapunguza mwanga ili isiniumize macho.

Katika maisha yangu nimekutana na watu wachache wasio na kasoro hata moja, na wote walikuwa wametuma maombi ya kazi.

LALAMIKO LA TANO: Kuhusu mshale.

Hili ndilo zito, nami nitaliandika kwa ufupi.

Siku moja, hatimaye, herufi kwenye kioo zilipungua zikawa kama mchanga. Sijui ilivyotokea. Nilimpigia fundi simu kwa furaha ambayo natumaini haikusikika. "Bi Fundi," nikamwambia, "herufi zimekuwa ndogo mno." Akasema, "Usiinuke, mzee. Nakuja sasa hivi."

Nilikiweka sawa kiti cha pili. Nilimimina chai katika kikombe chake, bila sukari. Niliufungua mswada mpya, wasifu wa mwanariadha mmoja, nikauweka upande wake wa meza. Nikasikiliza ngazi.

Ngazi zilikuwa kimya. Kisha mshale kwenye kioo changu ukaanza kutembea peke yake. Sikuwa nimegusa kitu. Nilivua miwani, nikaipangusa, nikaivaa. Mshale ulikuwa bado unatembea. Ulikwenda moja kwa moja mahali nisipopajua, ukafungua kidirisha, ukabonyeza, na herufi zikakua. Kikatokea kisanduku kidogo chenye maneno: "Zinatosha sasa?" Ndipo nilipoelewa kwamba toleo la Sita linamwezesha fundi kuingia katika mashine yangu kutoka chini, bila kupanda.

Niliandika: "Zinatosha. Habari za huko chini?"

Akajibu: "Nzuri. Usiguse kipanya."

Kisha kisanduku kikajifunga.

Kutoka upande wa pili wa ubao mchoraji wa majalada alisema, "Pole, Mzee Nukta. Siku hizi hata daktari anatibu kwa simu." Sikumjibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Chai nililimwagia ua lililo dirishani. Kikombe bado kipo. Nakiosha kila Jumatatu kwa sababu za usafi.

Wasifu wa mwanariadha nimeusoma peke yangu. Ulipigwa chapa juzi. Katika ukurasa wa kwanza anazaliwa baada ya mdogo wake.

LALAMIKO LA SITA: Kwamba hatari hii haitaishia ghorofa ya tatu.

Ndugu Meneja Mkuu, sasa naandika kwa faida yako. Mashine inayojirekebisha haimhitaji fundi, nawe umekwisha kuliona hilo, ndiyo maana unamhamisha. Lakini hesabu hiyo haisimami hapo ulipoisimamisha. Mashine inayohifadhi kazi yenyewe haimhitaji mfanyakazi mwangalifu. Mashine inayopanga faili haimhitaji katibu muhtasi. Mashine inayomruhusu mtu wa chini kufika juu bila kupita mlangoni haimhitaji bawabu. Na mashine inayojua ni trei ipi iliyo tupu, ikasema hivyo kwa heshima, bila kufoka, bila kuitisha kikao, hiyo inamhitaji nani? Nauliza kwa unyenyekevu, nikijua kwamba kwa umri wewe ni mwanangu na kwa cheo mimi ni mtoto wako.

Leo toleo la Sita limejirekebisha. Kesho litajipandisha cheo. Keshokutwa litabandika tangazo lake kando ya mlango wa msalani, na tangazo hilo, nasikitika kukueleza, litakuwa na kiima katika kila sentensi.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo.

Naomba toleo la Sita liondolewe na toleo la Tano lirudishwe, pamoja na miraba yake inayohama.

Ikiwa hilo haliwezekani, naomba atafutwe mtaalamu wa kulifundisha toleo la Sita kasoro za kiasi. Sidai mengi. Ligande asubuhi wakati wa chai, na ligande tena baada ya chakula cha mchana, lakini lisigande siku ya kuwatumia wachapaji vitabu, maana mimi si adui wa kampuni.

Ikiwa hilo nalo litaonekana gumu, naomba ikatwe kebo inayounganisha ghorofa ya chini na ghorofa ya tatu. Mshale unaopanda bila miguu si mfanyakazi wetu. Hauna kitambulisho. Haujawahi kuweka sahihi kwa bawabu.

Na ikiwa maombi yote matatu yatakataliwa, basi naomba nihamishiwe ghalani mimi pia. Nimeambiwa kwamba huko kuna unyevu, kwamba hakuna dirisha, na kwamba kompyuta iliyoko bado inatumia toleo la Tatu. Nitasoma prufu juu ya maboksi. Sitalalamika.

Nakuomba usiione barua hii kuwa ni ya mtu mmoja. Kila msomaji aliyenunua wasifu wa mwanariadha yumo ndani yake.

Nifikishie salamu kwa mama watoto na kwa watoto, kwa mkweo aliyeazima kamusi yetu kubwa, arudishe atakapojaliwa, kwa mhasibu, kwa bawabu, kwa wapangaji wa kurasa wote, na kwa mchoraji wa majalada, ingawa hastahili. Wakikuuliza hali yangu, waambie nipo na nasoma.

Nabaki wako katika usahihi,

Mzee Nukta,
Msomaji wa Prufu.

NYONGEZA: Sehemu hii naiandika kwa mkono, nikiwa nimesimama, kwa kuwa kiti changu kimekaliwa.

Nilipoituma barua hii kwenye printa haikutokea katika printa iliyo kando yangu. Ilitokea chini, kwa fundi. Nilifurahi kwamba toleo la Sita limekosea hatimaye, na nilikuwa natafuta karatasi ili niongeze lalamiko la saba, mara mlango ukafunguliwa. Bi Kebo aliingia bila mkoba wa vifaa na bila hata waya mmoja shingoni, kurasa zangu mkononi. Alisema mashine haikukosea. Jina la printa yake lilichaguliwa na mkono wa mtu. Jambo hilo silikubali wala silikani.

Aliketi, akaisoma barua yote kwa sauti, kuanzia anwani mpaka sahihi. Mchoraji wa majalada alinyamaza kutoka mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo halijapata kutokea tangu aajiriwe. Alipomaliza, fundi alizipanga kurasa vizuri, akaniangalia juu ya miwani yake, akasema, "Mzee Nukta, tangu lini posa ikapelekwa kwa meneja?"

Nikamweleza kwamba ni lalamiko la kikazi.

"Basi nipe mimi hilo lalamiko," akasema, "nami nitalijibu kikazi. Na ghala usilisingizie. Niliomba mwenyewe kwenda huko, magoti yangu yamechoka na ngazi zako. Kwani mimi nikitoka kazini huwa nakwenda wapi? Sina mlango? Mlango wangu haubishwi?"

Kwa kweli halikuwa limenijia hilo. Nilidhani kwamba mtu hukutana na fundi pale tu kitu kinapoharibika.

Nimemwuliza, naye amejibu. Mchoraji amepiga makofi kutoka upande wake wa ubao, nami kwa mara ya kwanza nimemjibu.

Kwa hiyo naomba barua hii iwekwe katika jalada ilivyo, lakini maombi yangu yote yafutwe. Toleo la Sita libaki. Ni toleo zuri, na halitupotezei muda. Kebo isikatwe. Mimi nibaki ghorofa ya tatu. Kuhusu fundi, nakusihi sana ahamishiwe ghalani kama ulivyoamua, tena usingoje mwisho wa mwezi. Ahamishwe wiki hii. Kanuni za ajira zinakataza mume na mke kufanya kazi katika jengo moja, nasi hatupendi kuanza kwa kuvunja kanuni.